Klachi ya fluidi, kutoa upepo na kurekebisha pedali: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mimi ni fundi, naishi Mikindani, Mombasa, na gari nilianza kushika nikiwa kijana wa kuosha nati kwa dizeli. Katika maswali yote naletewa hakuna linalorudi kama hili la klachi. Mtu aja pedali imelala chini, ashatolewa upepo, yaani hewa iliyonaswa kwenye fluidi, mara mbili mara tatu, kila mara yakaa siku chache halafu yarudi palepale. Nimeyaweka majibu hapa pamoja, soma kwanza kabla hujashika spana.

Gari yangu ni ya kebo au ya fluidi, nitajuaje?

Fungua boneti uangalie ule ukuta nyuma ya injini, upande wa dereva, karibu na busta ya breki. Ukiona kisilinda kidogo kina kikopo chake cha plastiki, au kina paipu ya raba imeungwa kutoka kikopo cha breki, hiyo ni fluidi, yaani klachi yasukumwa na fluidi ya breki. Ukiona waya mnene watoka ukutani wapinda kwenda gia boksi, hiyo ni kebo na mambo ya upepo hayakuhusu. Tuktuk ni kebo. Hiace, pickup na lori, nyingi ni fluidi.

Kwani upepo una ubaya gani, si ni kiputo tu?

Ukikanyaga pedali, kijiti chasukuma pistoni ya masta ya juu, ile twaiita apa. Apa yasukuma fluidi ndani ya paipu, fluidi yasukuma pistoni ya masta ya chini, loa, iliyofungwa kando ya gia boksi, na loa yasukuma uma, uma wasukuma rilizi beringi, presha pleti yaachia klachi pleti, ile sahani inayounganisha injini na gia boksi, bas gia yaingia. Sasa hii yote yategemea kitu kimoja, kwamba fluidi haibonyei. Upepo wabonyea. Chukua bomba la sindano lisilo na sindano, lijaze maji, ziba mdomo kwa kidole usukume: haliendi. Limwage maji yote ubaki upepo, ziba tena usukume, laenda mpaka karibu mwisho. Na safari ya loa ni fupi sana, kwa hivyo kiputo kidogo tu chatosha kuila. Wewe wakanyaga mpaka sakafuni, kule chini uma haujasogea vya kutosha, pleti bado yagusa, gia yalia.

Dalili za upepo ni zipi?

Pedali laini kama wakanyaga sifongo. Gia ya kwanza na rivasi zaingia kwa shida au zalia krrr, hasa rivasi kwa sababu gari nyingi rivasi yake haina sinkronaiza, kile kinachosawazisha kasi ya gia kabla hazijashikana. Na hii ndio kubwa: ukipampu pedali mara mbili tatu haraka gia yaingia vizuri, ukiacha dakika kadhaa yarudi vilevile. Hiyo ya kupampu ikikubali, ugonjwa uko kwenye fluidi, bado usifikirie kushusha gia boksi.

Lakini kama injini yapanda sauti na gari haiendi, tuseme wapanda kilima cha Mazeras na mzigo na rev yapaa peke yake, hiyo klachi yaslipu, yaani pleti yateleza, si upepo. Usimlipe mtu kutoa upepo kwa klachi inayoslipu. Hapo ni pleti imekwisha, au ina oili, au pedali imerekebishwa vibaya haina uhuru, na hii ya mwisho ntaieleza chini maana watu wengi wanaunguza pleti mpya kwa sababu yake.

Fundi, klachi imekuwa laini, si unitolee upepo tu niende?

La. Hili swali ndilo limenifanya niandike haya yote.

Upepo hauzaliwi ndani ya paipu. Kama hakuna mtu aliyefungua paipu au kubadilisha masta, basi upepo umeingia pale fluidi ilipotokea, au kikopo kimeshuka mpaka kikavuta hewa. Ukitoa upepo bila kutafuta pale mahali, umenunua siku chache tu. Na kumbuka klachi si kama breki. Breki pedi zikilika fluidi yashuka kidogo kwenye kikopo bila kuvuja popote. Klachi ni kinyume, pleti ikilika pistoni ya loa yarudishwa ndani, kwa hivyo fluidi ikibadilika yapanda kidogo. Kikopo cha klachi kikishuka, ujue yavuja, hakuna jawabu lingine.

Gari yangu ya kwanza ilikuwa Corolla kuukuu na nilikuwa bado najifunza kazi, nikaipeleka gereji moja mjini kwa fundi aliyenizidi umri na mikono. Nilitolewa upepo mara tatu ndani ya mwezi mmoja, na mara zote tatu nililipa. Ya nne ikanifikia kwenye feri ya Likoni, upande wa kuteremka, watu wa miguu wamejaa kushoto na kulia, mama na watoto na mikokoteni, na mimi pedali imelala chini haipandi. Nilizima injini nikakaa mpaka watu wote wakapita, nikasukumwa hadi juu na vijana. Jioni nyumbani nikainua kapeti ya dereva. Imelowa chapachapa, ukiigusa yateleza vidoleni, na rangi ya bodi pale chini imebabuka yote imeinuka kama maganda. Apa ilikuwa yavujia ndani ya gari muda wote ule na hakuna aliyeinama kuangalia. Ni kuinua kapeti tu, sekunde kumi.

Basi niangalie wapi?

Kwanza hapo hapo, juu ya pedali pale kijiti kinapoingia kwenye apa. Pitisha kidole au tishu nyeupe. Pakilowa, sili ya apa, ile raba inayozuia fluidi isitoke, imekwisha.

Pili loa. Ina buti ya raba mdomoni, ivute kidogo kwa kidole. Unyevu mdogo si neno, lakini ikitiririka imekwisha. Tatu ufuate paipu ya chuma na mpira wake wote, kila kiungo. Hapa kwetu hewa ya bahari ina chumvi, paipu zala kutu kwa nje mahali huoni, chini ya vibano vyake hasa. Mpira wa zamani nao mtu akanyage pedali wewe ukiushika, ukiusikia wafura mkononi, utoe.

Kuna magari loa yake imekaa ndani kabisa ya gia boksi, imezunguka shafti pamoja na beringi. Hiyo ikivuja utaona matone kwenye kiungo cha gia boksi na injini, na kuibadilisha lazima gia boksi ishuke, hakuna njia ya mkato.

Pedali yazama lakini hakuna tone popote. Je?

Apa yapitisha ndani kwa ndani, sili imechoka na fluidi yarudi kwenye kikopo. Jaribu hivi kwenye uwanja sawa pasipo na mtu mbele: washa, kanyaga klachi mpaka mwisho, tia gia ya kwanza, ushikilie nusu dakika hivi mguu usisogee, mguu mwingine uko tayari kwa breki. Gari ikianza kujikokota yenyewe, ni apa.

Nitie fluidi gani? DOT 3, DOT 4, ama yoyote?

Soma kifuniko cha kikopo, kimeandikwa daraja la fluidi, hiyo DOT na namba yake. Gari nyingi za Kijapani hapa ni DOT 3 au DOT 4 na hizo mbili zaingiliana bila shida. DOT 4 yastahimili joto zaidi, mpya yachemka kuanzia 230°C, DOT 3 ni 205°C. DOT 5.1 ni ukoo huohuo. DOT 5 yenyewe bila hiyo moja ni ya silikoni, usiichanganye na hizi kabisa, majina yafanana na watu wakosea dukani kwa sababu hiyo.

Oili ya injini, ATF (oili ya gia boksi ya otomatiki), mafuta ya pawa stering: usitie hata tone. Raba za masta zafura, na zikifura hazirudi. Kama ushatia, usijaribu kusafisha tu ukaendelea, badilisha raba zote na mpira. Gari chache za Ulaya zatumia mafuta ya madini kwenye klachi na zimeandikwa hivyo, hizo nazo ukizitia DOT waziua.

Nilipungukiwa njiani nikatia maji, ni sawa?

Umefika nyumbani, alhamdulillahi. Sasa yatoe leo, si wiki ijayo. Maji yashika kutu ndani ya silinda, kutu yakwaruza ukuta, ukuta uliokwaruzwa wakata sili, na hapo hata ukitia raba mpya itavuja.

Fluidi ikae muda gani? Mbona yangu nyeusi?

Karibu kila miaka 2 ibadilishwe, na hapa Mombasa mimi sisubiri zaidi ya hapo. Fluidi hii yanyonya maji kutoka hewani, na hewa yetu wajua ilivyo, nguo zaanikwa hazikauki. Mpya ina rangi ya mafuta ya kupikia, waona mpaka upande wa pili. Ikiwa kama chai ya rangi yafaa ubadilishe, ikiwa kama kahawa chungu ushachelewa, huo weusi mara nyingi ni raba inayolika. Nunua chupa ndogo ya kumaliza mara moja. Ile nusu iliyobaki mwaka jana kifuniko hakijakazwa vizuri usiitie.

Haya, nimeziba pahali palipovuja. Natoa upepo vipi?

Mnahitajika wawili. Mwite kijana wa jirani, au ndugu, mtu atakayesikiza, maana kazi hii yaharibika kwa maneno kuliko kwa spana.

Gari iwe pahali sawa, hendibreki juu, magurudumu yawekwe mawe. Ukiinua usitegemee jeki peke yake, weka stendi. Funika fenda kwa kitambaa, fluidi yala rangi, ikidondoka mwagia maji tele hapohapo usipanguse kavu. Safisha kifuniko cha kikopo kabla ya kukifungua ili mchanga usiingie, jaza mpaka alama ya juu. Chini kwenye loa kuna nipeli, kiskrubu kidogo cha kutolea upepo, spana namba 8 au 10, tumia ringi usitumie ya mdomo wazi. Ikiwa imeshika kutu, na hapa pwani nyingi zimeshika, isafishe kwa brashi ya waya, ipulizie oili ya kulegeza kutu uiache hata usiku mzima, uigonge kidogo. Usiilazimishe, ikikatika umenunua loa.

Tia mpira mwembamba unaopenya mwanga kwenye nipeli, ncha ya pili izame kwenye chupa yenye fluidi kidogo. Sasa yule aliye ndani umwambie “pampu”, akanyage polepole mara tatu au nne, halafu “shika”, naye akanyage mpaka chini asiachie, ajibu “nimeshika”. Asipojibu usifungue. Fungua nipeli robo mpaka nusu ya mzunguko, utaona viputo vyakimbia kwenye mpira, vingine vikubwa na vingine vyembamba kama povu la soda, na chupa yabubujika. Funga. Funga kwanza, ndipo useme “achia”. Akiachia kabla hujafunga yavuta upepo ndani na kazi yote bure, na hapa ndipo wengi wanapozunguka saa mbili wakidhani masta ni mbovu.

Pedali saa nyingine hairudi yenyewe mwanzoni, aivute kwa mkono, si neno. Rudia. Kila baada ya mara tano hivi angalia kikopo uongeze, kwa sababu kikopo cha klachi ni kidogo na kikikauka waanza upya. Endelea mpaka fluidi itoke safi bila kiputo hata kimoja, mara kadhaa mfululizo. Kaza nipeli kiasi, ni kitu chembamba chenye tundu katikati usikikaze kama nati ya rimu, rudisha na kikofia chake cha raba, kikofia hicho ndicho kizuizi cha chumvi na matope.

Niko peke yangu, naweza?

Waweza. Njia ya kwanza ni kuiachia itiririke: jaza kikopo, acha kifuniko wazi, fungua nipeli uiache idondoke yenyewe kwenye chupa, wewe kazi yako ni kuongeza juu tu. Yachukua muda lakini kwa gari nyingi yakubali.

Njia ya pili naipenda zaidi, ni kusukuma kutoka chini. Punguza fluidi kwenye kikopo, jaza bomba kubwa la sindano kwa fluidi mpya, lifunge kwa mpira kwenye nipeli pasiwe na hewa, fungua nipeli usukume taratibu. Upepo asili yake ni kupanda juu, kwa hivyo wausaidia kwenda unakotaka wenyewe. Angalia kikopo kisifurike. Kama fluidi ya zamani ni nyeusi itoe kwanza kwa njia ya kawaida, usiusukume uchafu kuupeleka kwenye apa.

Nimetoa chupa nzima na pedali bado laini!

Pole. Kabla ya kununua chochote jaribu hili. Fungua bolti mbili za loa bila kugusa paipu, iinamishe nipeli iwe juu kabisa, halafu usukume kijiti chake ndani polepole kwa mkono mpaka mwisho uachie polepole, mara kadhaa. Kile kiputo kilichokwama nyuma ya pistoni chapanda hadi kikopo, utakisikia chatoka, blup. Na hapo nakuomba, mtu yeyote asikanyage pedali loa ikiwa nje, pistoni itaruka na fluidi yote juu yako. Ikikuingia machoni osha kwa maji mengi muda mrefu uende hospitali.

Kama umefunga apa mpya, mara nyingi upepo uko ndani yake. Apa hutolewa upepo mezani kabla ya kufungwa: ishike kwa vaisi, ijaze, usukume pistoni taratibu mpaka viputo viishe. Dukani hawatakwambia.

Na ikiwa pedali imekuwa ngumu vizuri, loa yasafiri vizuri, gia bado zalia, basi ndio uanze kushuku pleti na presha pleti. Hapo gia boksi ishuke.

Kurekebisha ni kabla au baada?

Baada. Ukirekebisha pedali yenye upepo ndani warekebisha upepo.

Narekebisha nini hasa?

Vitu viwili. Kimo cha pedali, chashikwa na bolti ya kuizuia au swichi juu ya pedali, na kila gari ina kipimo chake. Cha pili ni uhuru, ule mwendo mdogo pedali yaenda bila kusukuma kitu. Bonyeza pedali kwa kidole kimoja tu, si kwa mguu. Utasikia yaenda nyepesi, halafu yagota. Kwa Toyota nyingi jumla ya mwendo huo ni kama milimita 5 mpaka 15, na ndani yake ule wa kijiti peke yake, kabla hakijagusa pistoni, ni milimita 1 mpaka 5 ukipimia kwenye pedali. Lala chini ya dashibodi na tochi, legeza loknati ya kijiti, ile nati inayokizuia kisizunguke, mara nyingi ni spana namba 12, zungusha kijiti kidogo kidogo, kaza, pima tena.

Ukizidisha uhuru, wakanyaga bure nusu ya safari na gia zalia. Ukiumaliza kabisa ni vibaya zaidi, na hapa watu hawaelewi. Mtu ataka klachi “ishike juu”, akirefusha kijiti mpaka hakuna uhuru hata kidogo, pistoni ya apa hairudi mpaka mwisho wake na kile kitundu cha kurudishia fluidi kwenye kikopo hubaki kimezibwa. Injini ikipata moto fluidi yatanuka, haina pa kwenda, yasukuma loa polepole. Ni kama mtu amekanyaga klachi nusu muda wote. Beringi yaungua, pleti yaslipu, na gari asubuhi nzuri mchana mbaya. Nimeletewa pleti za wiki tatu zimeungua kwa sababu ya mizunguko miwili ya kijiti.

Ukimaliza, klachi ianze kuachia pedali ikiwa bado na kama milimita 25 au zaidi kabla ya mwisho wa safari.

Na loa yarekebishwa?

Gari nyingi za sasa hapana, yajirekebisha. Baadhi ya lori na gari za zamani kijiti cha loa kina nati, hizo fuata kitabu chake.

Nilibadilisha pleti tu, lazima nitoe upepo?

Kama loa ilifunguliwa bolti ikatundikwa pembeni na paipu haikuguswa, si lazima.

Fluidi ya zamani niimwage wapi?

Si mtaroni, mitaro yetu yaishia baharini, na huko ndiko twavua. Weka kwenye galoni umpelekee anayekusanya oili chafu, lakini mwambie ni fluidi, asichanganye. Na usiiweke kwenye chupa ya soda au ya maji. Ni sumu, rangi yake yavutia, mtoto akiona chupa ya soda anywa. Hili nawasihi kabisa.

Nimemaliza, nijaribie wapi?

Si daraja la Nyali saa ya watu kutoka kazini, wala foleni ya feri. Zunguka mtaani kwako barabara tulivu, tia gia zote, rivasi mara nyingi, simama na uondoke kama mara ishirini mpaka ipate moto. Halafu asubuhi yake kabla hujawasha, angalia vitu vitatu: kimo cha kikopo, chini ya kapeti ya dereva, na buti ya loa. Pakiwa pakavu na kikopo hakijashuka, endesha wiki moja uangalie tena.